Kamba mbili za mkwezi: fundo lipi, kifaa kipi

Mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni, na akifika juu hashuki upesi. Anakaa pale, kisu mkononi, anakata, anafunga, anabadilisha kibuyu. Mpogoaji wa miembe ya Bagamoyo na mchuma karafuu wa vilima vya Amani wana hali hiyohiyo: kazi iko juu, na mikono yote inahitajika. Ndiyo maana mkanda wa kukalia, ambao wawindaji wa Marekani huutumia kuning'inia mtini wakisubiri kulungu, unafaa sana kwa watu wa Tanga na Bagamoyo. Mkanda wenyewe si jambo gumu kuchagua. Kazi iko kwenye kile kinachoshika kamba na kukuwezesha kuirefusha au kuifupisha ukiwa juu. Rai yangu ni hii: kwenye kamba inayobeba uhai tumia fundo, na kifaa cha chuma kiweke kwenye kamba ya kiunoni.

Kamba ni mbili. Ya kwanza ni ya kiunoni: inazunguka shina na kushikwa pande zote mbili za mkanda, nayo hukuegemeza unapopanda. Ya pili ni ya mtini: inafungwa kwenye shina juu ya kichwa chako na kuunganishwa na daraja, yaani kile kipande cha kamba kilicho mbele ya mkanda. Wengi hudhani ya kiunoni inatosha. Kwenye mnazi haitoshi. Shina ni laini na halina tawi, na mguu ukiteleza kamba iliyozunguka tu hulegea na kuteremka nawe hadi chini. Kamba ya mtini lazima ikabe: ncha moja ina kitanzi cha fundo la nane, lenye umbo la tarakimu 8, ncha ya pili inapita ndani ya kitanzi hicho, na uzito ukija shina linabanwa. Usiweke karabina, yaani pete ya chuma yenye mlango wa springi, mahali pa kitanzi hicho. Karabina ikilala juu ya mviringo wa shina hubebeshwa mzigo upande, na ile iliyoandikwa kilonewtoni (kipimo cha nguvu) 22 kwa urefu mara nyingi ina 7 tu kwa upana.

Kuhusu urefu, pima mzunguko wa shina pale chini palipo panene, kisha ongeza mita 1.5. Mnazi wenye kipenyo cha sentimita 30 una mzunguko wa karibu sentimita 94, kwa hiyo mita 2.5 zinatosha. Mwembe wa sentimita 80 unataka mita 4. Kamba ndefu kupita kiasi hunasa kwenye makuti na kusumbua.

Sasa kamba ya aina gani? Huu ni mkoa wa mkonge. Tangu Richard Hindorf alete miche yake mwaka 1893, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, watu wa hapa wanaijua kamba ya mkonge kuliko mtu yeyote, na ndiyo sababu inauma kusema kwamba haifai kubeba mtu. Ikilowa na kukauka mara nyingi huoza kwa ndani huku nje inaonekana nzima, na hakuna macho yatakayoliona hilo. Kamba ya plastiki ya rangi ya bluu au kijani inayouzwa madukani nayo ni ya kushushia makole na ndoo tu. Inateleza kwenye fundo, jua linaichakaza, na huyeyuka kwenye nyuzi 165 hivi za Selsiasi, joto ambalo msuguano wa fundo linaloteremka kwa kasi unaweza kulifikia. Inayotakiwa ni kamba ya kupandia isiyovutika sana, yenye kiini na ganda, milimita 11, ya poliesta au nailoni. Poliesta naipendelea huku pwani, kwa sababu nailoni ikinywa maji hupungua nguvu na huvimba kidogo, na masika mafundo yake hung'ang'ania.

Fundo la kuanzia, linaloishika kamba ya mtini na kukuunganisha na daraja, ni la Prusik, lililoelezwa na Karl Prusik wa Austria mwaka 1931. Chukua kamba ndogo ya milimita 8, laini, mita 1.4. Unganisha ncha zake kwa fundo la mvuvi maradufu (kila ncha inazungushwa mara mbili kwenye nyenzake na kupitishwa ndani ya mizunguko hiyo), kila mkia ubaki sentimita 8, upate kitanzi. Weka kitanzi nyuma ya kamba kubwa, pitisha upande wenye lile fundo ndani ya kitanzi chenyewe, zungusha, pitisha tena, na tena: mara 3. Ukihesabu utaona mistari 6, mitatu juu na mitatu chini, na ule unaovuka katikati. Panga mistari kwa kidole ilale sambamba bila kupandana, kisha kaza. Fundo la mvuvi likae kando, lisiwe ndani ya mizunguko wala pale karabina inapokaa.

Prusik likiteleza, sababu ni chache na zinajulikana. Kamba ndogo ni nene karibu sawa na kubwa. Au ni ngumu, imekakamaa kwa chumvi na utomvu. Au mizunguko ni 2 badala ya 3. Au mistari imepandana, na hili ndilo la kawaida kwa sababu mtu amelifunga haraka. Na likikataa kuachia, mara nyingi kamba ndogo ni nyembamba mno: ya milimita 5 juu ya 11 itabana mpaka uhitaji meno kuifungua. Uwiano mzuri ni kamba ndogo kuwa kati ya asilimia 60 na 80 ya unene wa ile kubwa. Kwa kamba ya milimita 11 hiyo ni kati ya 7 na karibu 9, na 8 iko katikati.

Kasoro ya kweli ya Prusik ni kwamba linataka mikono miwili: mmoja unasukuma fundo, mwingine unavuta kamba. Mgema hana mkono wa pili. Kwake nashauri fundo la Schwabisch. Linafungwa kwa kamba ndogo yenye vitanzi viwili vilivyoshonwa kiwandani, urefu wa sentimita 75 hivi. Ni kama Prusik lililopunguziwa mizunguko ya chini: mizunguko 4 juu, 1 chini, na ncha zote mbili zinatoka katikati, chini ya mstari unaovuka. Vitanzi vyote viwili vinaingia kwenye karabina ya daraja. Kisha mkia wa kamba kubwa unapitishwa kwenye kapi ndogo chini ya fundo. Ukiuvuta mkia kwa mkono mmoja, kapi inasukuma fundo mbele na kamba inafupika. Ukitaka kuirefusha, vuta fundo kutoka juu taratibu. Kwa kamba hii ndogo chagua yenye ganda la aramidi, aina ya nyuzi za viwandani, kwa sababu haiyeyuki. Ile ya polietilini ngumu ina nguvu za ajabu lakini huyeyuka kwenye nyuzi 145 hivi, na msuguano ndiyo kazi yake hapa.

Lipo pia fundo la Blake, linalofungwa kwa mkia wa kamba yenyewe bila kamba ndogo. Ni la dharura, na lazima ncha yake iwe na fundo la kizuizi, yaani fundo nene la kuizuia isichomoke.

Nije kwenye vifaa. Vipo vya aina mbili kuu. Vya kwanza ni vidogo vyenye ulimi wa meno au mikwaruzo, kama Ropeman ya Wild Country. Vinapanda vizuri na ni vyepesi, ila vikishabeba uzito haviachii mpaka ujinyanyue, na mshtuko wa kuanguka unaweza kuchana ganda la kamba. Kwenye kamba ya kiunoni hilo linavumilika, maana unajisogeza karibu na shina na uzito unaondoka. Kwenye kamba ya mtini halivumiliki. Vya pili vina mpini wa kuachilia, mfano GriGri ya Petzl, ambayo toleo la sasa linakubali kamba za milimita 8.5 hadi 11. Hufanya kazi kwa mkono mmoja na bei yake ni kubwa. Kamba ya 11 ikishavimba kwa maji na uchafu hupita kwa shida humo, na kamba ikiwekwa kinyume kifaa hakishiki kabisa. Kila mara kabla ya kupanda, vuta ghafla uone kinauma.

Kwa nini basi nang'ang'ania fundo? Kwa sababu ya bahari. Hewa ya Tanga na Bagamoyo ina chumvi, na aluminiamu hutoa unga mweupe kwenye mhimili na springi, mahali usipopaona. Ulimi ukikwama wazi hukupi taarifa. Kamba ndogo iliyochakaa huonekana: inang'aa kwa kuungua, inakuwa ngumu, ganda linatoa manyoya. Unaikata, unafunga nyingine. Vyuma vyote vioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, vikaushwe kivulini.

Ncha ya kamba ya mtini iwe na fundo la kizuizi daima, ili fundo la kurekebishia lisipite na kutoka. Kamba hiyo isilegee: ikiwa na ulegevu wa sentimita 60 na haivutiki, kuanguka kidogo tu ni pigo kubwa kwa mgongo na kwa mtini. Usipande ukapita mahali ilipofungwa. Na panapotumika panga au msumeno, funga kamba zote mbili kabla ya kukata, kwa sababu kamba iliyokazwa hukatika kwa kuguswa tu na makali.

Kwenye mnazi zungushia shina, chini ya makuti. Shina la kuti si nguzo, na kole pia. Mnazi uliokwisha kilele usiupande. Mkarafuu una matawi yanayovunjika bila onyo, hivyo kamba irudi kwenye shina kuu hata kama tawi lililo karibu linaonekana nene. Kusi ikivuma sana, acha.

Kabla ya kupanda juu, jaribu kila kitu nusu mita kutoka ardhini: ning'inia, ruka ruka mara 10, angalia kama fundo limesogea hata sentimita moja. Likisogea, shuka ulifunge upya. Mtu mmoja abaki chini, awe na mkanda na kamba yake na ajue kulegeza fundo lako, maana anayening'inia bila kujisogeza huzidiwa ndani ya dakika chache.