Kemo ya Baba: kazi iliyotungoja nyumbani

Baba yangu ni muuza samaki. Ameuza samaki Mji wa Kale, Mombasa, tangu kabla sijazaliwa, na kila alfajiri mikono yake huwa ndani ya barafu. Kwa hivyo mwaka 2025, daktari alipotueleza kwamba dawa atakayotiwa itamfanya asiweze kushika wala kunywa kitu baridi, nilitambua kwamba kazi yetu kubwa haitakuwa hospitalini. Itakuwa hapa hapa Majengo, baina ya jikoni na barazani.

Alikuwa na saratani ya utumbo mpana. Alikuwa ameshapasuliwa na uvimbe ukatolewa, kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, ikawa ya kumaliza mabaki yasiyoonekana. Mpango wenyewe ulikuwa hivi: siku ya kwanza ya mzunguko anatundikiwa dripu ya oksaliplatini kwa muda wa saa mbili, kisha anarudi nyumbani na vidonge vya kapesitabini, anavimeza asubuhi na jioni kwa siku 14, halafu anapumzika siku 7. Baada ya hapo mzunguko mwingine. Ukipiga hesabu, katika wiki tatu hospitali inamchukua siku moja. Siku 20 zilizobaki mnaye nyinyi. Laiti kila familia ingeambiwa hili mapema, kwa sababu sisi akili zetu zote zilikuwa kwenye ile dripu.

Ubaridi ndio uliotutesa kwanza. Oksaliplatini huchokoza neva, yaani mishipa ya fahamu, na kwa siku kadhaa baada ya dripu mtu akigusa kitu baridi vidole vinachoma kama sindano. Akinywa maji ya friji koo linabana hadi ahisi pumzi imekatika. Daktari alitwambia mapema kwamba njia ya hewa haizibi, ni hisia tu, na kulijua hilo kulimtuliza sana Baba ilipomtokea. Lakini ilikuwa kaskazi, Mombasa inawaka, na kila mtu nyumbani anatamani maji ya barafu. “Mwanangu, joto hili nami ninywe maji ya vuguvugu?” akawa ananiuliza. Basi tukakubaliana sote. Siku hizo za dripu hakuna aliyekunywa maji ya baridi mbele yake. Maji yake yalikaa ndani ya chupa ya chai, yakiwa na kipande cha tangawizi. Alipewa jozi ya glovu za sufu, zikatundikwa kwenye mkono wa friji ili asiifungue kwa mazoea. Feni tuliielekeza ukutani, upepo usimpige usoni. Na kahawa chungu ya jioni, ambayo tangu hapo hunywewa moto, ikawa ndiyo starehe yake.

Biashara hatukuifunga, na katika yote tuliyofanya naona hili ndilo lililomsaidia zaidi. Mpwa wake alishika meza. Kila asubuhi samaki wakishafika alimpigia Baba kwa video, akiwageuza mmoja mmoja mbele ya simu. Baba, amejilaza kwenye kochi na kikoi chake, anamwelekeza: “Huyo nguru jicho limezama, mwache. Fungua shavu la yule kolekole nione wekundu.” Kisha anataja bei. Kuna siku alikuwa hajatia kitu tumboni tangu jana yake kwa kichefuchefu, lakini simu ikilia anaketi kitako.

Vidonge vina nidhamu yake. Humezwa ndani ya nusu saa baada ya kula, kwa maji, na havivunjwi wala kusagwa. Anayempa mgonjwa asivishike kwa mkono mtupu. Wifi yangu alikuwa mjamzito, kwa hivyo hakuvigusa kabisa, na nguo za Baba zilizochafuka tulizifua mbali kwa glovu. Kilichonitia wasiwasi ni kuhara. Kapesitabini inaweza kumharisha mtu hadi akakauka maji, nasi tulikuwa tumeagizwa kwamba akihara sana tusimamishe vidonge na tupige simu, tusingoje siku ya kliniki. Siku za namna hiyo mchuzi wa nazi uliwekwa kando. Alikula wali mkavu, ndizi na muhogo wa kuchemsha.

Ramadhani ilianza Machi 2 tukiwa katikati ya matibabu. Baba hajawahi kula mchana wa Ramadhani tangu utoto wake, na hapo nilimwona akivunjika moyo kuliko hata siku tuliyopewa majibu ya vipimo. Mimi sikubishana naye. Kaka yangu alimwita imamu wa msikiti wetu, wakakaa wawili, akamsomea aya ya mgonjwa katika Suratul Baqara kwamba atatimiza hesabu katika siku nyengine. Neno hilo lilihitaji kutoka kwa mtu wa dini, wala si kwa binti yake. Baba akakubali kutofunga. Akala daku pamoja nasi, akameza vidonge vyake, na magharibi akafuturu nasi kwenye sinia moja.

Wageni nao! Majengo mgonjwa hakai peke yake, na kumzuia mtu asije kumtazama mzee wake ni kuvunja udugu. Lakini kemo hushusha chembe nyeupe za damu zinazoulinda mwili na maradhi, na mafua ya mtu mwengine yanaweza kumlaza Baba wodini. Mama ndiye aliyelitatua. Wageni wakawa wanapokewa barazani, kwenye hewa, baada ya alasiri hadi karibu na magharibi. Birika la maji na sabuni liliwekwa mlangoni. Wajukuu waliozoea kumbusu mkono waliambiwa daktari amekataza, lawama ikamwendea daktari na hakuna aliyenuna. Mwenye kikohozi alimtolea salamu dirishani. Waliokuja na habasoda, asali na majani ya mstafeli tuliwashukuru, tukaviweka kabatini hadi tumuulize mfamasia, kwa kuwa baadhi ya mitishamba hugombana na dawa.

Na nunueni kipimajoto. Usiku mmoja kilisoma nyuzi 38.4, homa. Baba alitaka Panadol alale, lakini tulikuwa tumeonywa kwamba panadol hushusha homa huku maambukizi yakiendelea ndani. Kaka yangu akawasha tuktuk yake tukaenda hospitali ya Makadara usiku ule ule, na jambo la kwanza nililosema mapokezi ni kwamba huyu yuko kwenye kemo. Akatiwa antibayotiki ya mshipa.

Upande wa fedha nitasema machache. Tulikuwa chini ya SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, na wakati huo kikomo cha saratani kilikuwa shilingi 550,000 kwa familia kwa mwaka. Fuatilieni idhini ya SHA kabla ya siku ya dripu, maana bila idhini mgonjwa anaketi kwenye benchi akingoja.

Jambo la mwisho ni ganzi. Ile ya ubaridi hupita, lakini dripu zinavyoongezeka huja nyengine isiyoondoka upesi. Baba hakuisema. Niliiona mimi siku ya Ijumaa, alipohangaika na vifungo vya kanzu hadi akaenda msikitini kifua wazi, na tena alipoziangusha sarafu za muuza kahawa. Niliyaandika yote mawili na siku zake, nikamsomea daktari mbele ya Baba. Daktari akampa sindano ashike na vifungo afunge, kisha akapunguza kipimo cha oksaliplatini. Vidonge vikaendelea vilevile hadi mwisho. Vidole vya mikono vimepona karibu vyote. Vya miguu bado, na daktari anasema huenda ikachukua miezi mingi, kwa hivyo ndala tumemnyang’anya, anakwenda sokoni na viatu vya kufunga.