Treni ya Durango

Nilikuwa naenda Gernika, nikajikuta Durango, yote miji ya Wabaski kaskazini mwa Hispania. Kutoka Bilbao treni hupita reli moja hadi Amorebieta, ndipo njia zinapoachana: moja huenda Gernika na Bermeo, nyingine Durango. Mimi nilipanda isiyo yangu. Kibao cha stesheni kilikuwa na Kibaski na Kihispania, nami sijui hata kimoja. Nauli nikalipa mara ya pili, na tayari nilikuwa na uchungu wa bei. Usiku uliotangulia, vipande vitatu vya mkate vilivyochomekwa vijiti vilinitoa euro 9, na nikalala na njaa kwenye chumba ambacho dirisha lake lilitazama ukuta.

Manyunyu hayakukatika. Nikaingia mkahawani karibu na stesheni. Meza ya pili aliketi mzee mmoja na mjukuu wake wa kike, msichana wa sekondari anayejua Kiingereza. Akaniuliza natoka wapi na tunazungumza nini. Nikamwambia Kilifi, Kenya. Kiswahili, na kwa mama Kigiriama. Aliposikia hayo mzee akasogeza kiti.

Alichukua karatasi ya kupangusia mikono, akaandika neno la Kibaski: dakarkizut. Kisha akalikata kwa kalamu. Kar ndiyo leta, zu ni wewe, t ya mwisho ni mimi. Maana yake nakuletea. Nilishtuka, jamani! Hii ni lugha ambayo wataalamu hawajaipatia ndugu aliye hai duniani, iliyokuwa na mizizi pale kabla Warumi hawajafika na Kilatini chao, nayo inambeba mletaji na mletewa ndani ya kitenzi kimoja kama sisi. Nikaandika chini yake: ni-na-ku-let-e-a. Udugu haupo, najua, lakini mzee alipitisha kidole juu ya mistari ile miwili mara kadhaa, akiangalia "mimi" wao alivyokaa mwishoni na wetu mwanzoni.

Ndipo akasimulia habari ya pete. Alipokuwa shuleni, enzi za Franco, dikteta wa Hispania, mtoto aliyesikika akisema Kibaski alivishwa pete. Ili aivue ilimbidi amnase mwenzake akisema, ampokeze. Atakayekutwa nayo mwisho wa wiki ndiye anayechapwa. Alisema hayo akiwa ameshika kidole chake cha kati.

Nikamweleza diski yetu. Kipande cha ubao chenye kamba, unavaa shingoni ukisikika unasema lugha ya nyumbani. Mimi niliivaa nikiwa darasa la nne. Nilijibanza nyuma ya vyoo hadi nikamsikia rafiki yangu akiimba Kigiriama, nikamvisha. Jioni alichapwa yeye.

Mzee akauliza rafiki huyo anaitwa nani. Nikamwambia. Naye akanitajia wa kwake.

Yule msichana, mjukuu wa aliyevishwa pete, anasoma fizikia na hesabu kwa Kibaski. Shule hizo huitwa ikastola. Chini ya Franco wazazi waliziendesha kwa kujificha, nyingine majumbani. Mwaka 1968, kabla dikteta hajafa, wasomi walikutana Arantzazu, kwenye monasteri ya milimani, wakakubaliana namna moja ya kuandika ili lahaja zote zisomane. Mimi sijawahi kuona kitabu cha hesabu cha Kigiriama.

Kabla hatujaagana mzee alinionyesha kanisa. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, Durango ilipigwa mabomu tarehe 31 Machi 1937, wiki chache kabla Gernika nayo haijapigwa, watu wakafia ndani ya misa. Wageni wote, alisema, huuliza Gernika tu.

Gernika nilifika alasiri. Niliuona mwaloni ambao chini yake watawala waliapa kuziheshimu sheria za Wabaski. Wa sasa ulipandwa 2015, na shina la babu yake limehifadhiwa kati ya nguzo. Nikapiga picha, nikarudi.

Usiku nikampigia mama simu. Nikamwomba ampe binti yangu, nikamwamkia kwa Kigiriama. Alinyamaza, kisha nikamsikia akimuuliza nyanya yake kwa Kiswahili, "Baba amesema nini?"