Tafakari ya juma: Kunyamaza na kushuhudia uongo

Somo: Kutoka 20:16

Wapendwa, amri hii haimlazimishi mtu kusema kila anachokijua. Inamkataza kumshuhudia jirani yake uongo. Tuishike hivyo tunapobishana kama serikali ya Marekani inaficha habari za vitu visivyotambulika angani.

Mwaka 1955 Marekani ilianza kurusha U-2, ndege ya upelelezi iliyopaa juu ya futi 60,000. Ndege nyingi za abiria wakati ule ziliruka kati ya futi 10,000 na 20,000. Mfikirie rubani wa abiria anayeelekea magharibi jioni. Kwake jua limeshazama, giza limeingia. Kule juu bado linawaka, na mabawa ya U-2, yaliyokuwa ya rangi ya fedha, yanaurudisha mwanga wake. Rubani anaona kitu kama moto, mbali sana juu yake. Akitoa taarifa, ametoa ushahidi wa kweli.

Taarifa za namna hiyo zilifika kwa wachunguzi wa Jeshi la Anga, mradi wa Blue Book. Walilinganisha na safari za U-2 kwa kuwauliza CIA, shirika la ujasusi la Marekani, na nyingi zikapata jibu. Jibu lenyewe halikumfikia aliyeuliza. Watu waliambiwa ni chembe za barafu, au hewa ya joto iliyolala juu ya hewa baridi. Mwanahistoria wa CIA alikiri mwaka 1997 kwamba kauli hizo zilipotosha. Kusema "hatuwezi kulizungumzia" kungetosha, na kungelinda ndege ileile. Wao wakamfanya shahidi mwaminifu aonekane amekosea.

Nasi tusijitoe haraka katika lawama hii. Blue Book ilifungwa mwaka 1969 ikiwa na taarifa 12,618, na 701 hazikutambuliwa. Kutotambuliwa hakumaanishi kimetoka sayari nyingine. Mara nyingi umbali haukujulikana, na bila umbali huwezi kukokotoa ukubwa wala kasi. Anayetangaza "ni viumbe, wanatuficha" kwa ushahidi huo naye anashuhudia asichokiona, na Mithali 18:13, inayosema kujibu kabla ya kusikia ni upumbavu, inamhusu.

Hata kwa video za leo za vitu kama hivyo, mara nyingi kinachofichwa ni uwezo wa kamera ya jeshi iliyozipiga. Hilo lina sababu. Kwa hiyo anayedai uwazi aombe vinavyopimika: tarehe, saa, mahali, kimo, umbali, na upande kamera ilikoelekea. Hivyo vinaweza kutolewa huku maelezo ya kamera yakifutwa, na mwingine akarudia hesabu.