Kitabu changu cha kwanza kizuri nilikipata kwa kuhesabu mihuri

Mwaka 1999 niko kidato cha pili, Tanga, na sijawahi kumaliza kitabu ambacho mwalimu hakunilazimisha. Hadithi nilizipenda mno. Mjomba wangu alikuwa karani wa mahakama, na akija kwetu jioni alitusimulia kesi: nani kaiba nini, nani kasema uongo kizimbani, hakimu kamnasa vipi. Mama aliita chakula mara tatu hatusikii. Ila nikishika kitabu, ukurasa wa kumi haufiki, nimelala.

Mwalimu mmoja alinipa riwaya aliyoisifu sana, nzito, imejaa mafumbo. Nilikaa nayo mwezi mzima. Niliporudisha, kile kipande cha kalenda nilichoweka kama alama kilikuwa bado kwenye sura ya pili. Nikaamini kusoma hakukuwa fungu langu. Najua wapo vijana wanaoamini hivyo hata leo, na inaniuma, kwa sababu mara nyingi wamepewa tu kitabu kisicho chao.

Siku moja ya Jumamosi nikaingia maktaba ya mkoa. Upande wa watoto ulikuwa na sungura na fisi, na mimi nina miaka kumi na tano. Upande wa wakubwa nikaogopa hata kugusa rafu. Mkutubi, mama wa makamo, akaniona nazunguka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Watafuta nini?"

"Kitabu kizuri."

Akatabasamu. "Vizuri ni vingi. Hebu niambie, mara ya mwisho ulisimuliwa nini ukatamani kisiishe?"

Nikamweleza kesi za mjomba. Akanipeleka moja kwa moja kwenye riwaya za upelelezi, na kabla hajaniacha akanionesha jambo ambalo natumia mpaka leo. Alifungua kitabu kimoja mwishoni, palipogundishwa kikaratasi cha tarehe za kurudisha. Kilikuwa na mihuri minne tu katika miaka mingi. Akafungua kingine: mihuri imejaa safu mbili, mingine imepinda, mingine imepandana. "Hawa wote walikibeba nyumbani," akasema. Kisha akakifunga na kunigeuzia upande wa kurasa. Ukitazama vizuri, kingo za kurasa huchafuka kwa vidole. Kitabu kilichowachosha watu huwa na weusi mwanzoni, halafu ghafla kurasa zinakuwa nyeupe: hapo ndipo walipokiacha. Hiki kilikuwa cheusi mpaka ukurasa wa mwisho.

Jalada lilikuwa limechanika na kushonwa kwa uzi. Peke yangu nisingekigusa. Kilikuwa *Mzimu wa Watu wa Kale*, cha Muhammed Said Abdulla.

Nilianza kukisoma barazani saa kumi. Mauaji, mzimuni, na Bwana Msa na kiko chake, mtu asiye na haraka, anayeuliza maswali yanayoonekana hayana maana. Nikamwona mjomba mle ndani. Magharibi ikanikuta, nikahamia jikoni kwenye taa ya chemli. Yale maneno ya Kiunguja nisiyoyajua sikuyakimbia. Niliyaandika nyuma ya daftari la hesabu, asubuhi nikampelekea bibi. Bibi alikuwa mtu wa Pangani, mengi aliyajua. Neno la tatu tu akaniuliza, "Hebu, hayo yametoka wapi?" Kuanzia hapo nikawa namsomea kwa sauti huku anachambua mchele.

Baadaye nilikuja kujua kuwa mwandishi alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, na kwamba kitabu kile kilishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950, kikachapwa 1960. Kilikuwa na umri wa karibu miaka 40 mkononi mwangu, na bado kilininyima usingizi.

Nilipokirudisha sikuuliza tena "kitabu kizuri". Niliuliza, "Kuna kingine cha Bwana Msa?" Kilikuwepo, *Kisima cha Giningi*, ila kimeazimwa. Nikasubiri wiki mbili, na nikawa nachungulia kila nikipita njia ile.

Siku hizi vitabu vingi tunanunua, na kwenye kitabu kipya hakuna mihuri wala vidole vya mtu. Mimi hufungua katikati, si mwanzo, kwa sababu mwanzo kila mwandishi hujitahidi. Nasoma kurasa mbili nimesimama. Nikijikuta nataka kujua huyu anayeongea ni nani na kwa nini amekasirika, nakinunua. Mpwa wangu wa miaka 14 nilimuuliza swali lile lile la mkutubi. Akasema anapenda habari za baharini, watu waliopotea na vyombo vyao. Tunaendelea kutafuta, viwili amevikataa, na nimemwambia avirudishe rafuni bila kuona haya.