Siku Yangu Moja Kampala: Kutafuta Chanzo cha Makovu ya Mapafu

Saa moja asubuhi huwa nimekwisha kuvaa koti jeupe na glavu, kwa kuwa kazi ya kwanza ni kuziangalia seli kabla maabara haijajaa watu. Seli hizo hukaa ndani ya kabati lenye joto la nyuzi 37 na kaboni dioksidi ya asilimia 5. Chini ya hadubini, faibroblasti za mapafu huonekana nyembamba na ndefu. Ndizo zinazotengeneza kolajeni, yaani nyuzi za protini ambazo mwili huzitumia kuziba jeraha. Pafu lililoumia linazihitaji sana; taabu huanza pale seli hizo zinapoendelea na kazi baada ya jeraha kufungwa, hadi kuta za vifuko vya hewa zikawa nene na oksijeni ikapita kwa shida kuingia kwenye damu. Kwa nini hazisimami ndilo swali lililoniajiri.

Saa tatu ninakwenda kliniki. Mgonjwa wa kwanza leo ni mzee aliyetoka upande wa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na kwa kuwa Kiswahili chake ni kizuri, tunazungumza bila mkalimani. Alimaliza dawa za kifua kikuu za miezi 6, makohozi yake hayana bakteria, lakini mwendo mfupi wa kupanda kilima humlazimisha kusimama. Katika kituo kimoja cha afya alianzishiwa dawa hizo upya kwa sababu eksirei ilionyesha madoa, kumbe yalikuwa makovu ya ugonjwa uliokwisha kupona. Jambo hili linaniuma kila ninapokutana nalo, kwa maana eksirei peke yake haitoshi kutofautisha kovu la zamani na ugonjwa mpya, na mtu anaweza kumeza dawa kali kwa miezi bila kupata nafuu yoyote ya pumzi.

“Daktari, mmeniambia wadudu wamekufa. Mbona pumzi haitoshi?”

“Wamekufa kweli, mzee. Ila mwili wako ulipopigana nao, nyama ya pafu iliumia, na pale palipoumia pamezibwa na kitu kigumu kisichopitisha hewa.”

“Basi hicho kigumu mkitoe.”

Nilimjibu kwamba kwa sasa hatuna njia ya kukitoa, na kwamba ndiyo sababu ninaomba damu yake. Nilimsomea fomu ya ridhaa polepole, nikamweleza kuwa anaweza kukataa na matibabu yake yasibadilike, naye akauliza maswali mengi kabla ya kutia kidole gumba. Kisha akapuliza kwenye spiromita, yaani kifaa cha kupima pumzi, mara tatu kwa nguvu zake zote, na kipimo kikaonyesha kuwa kiasi cha hewa anachoweza kutoa ni kidogo kuliko inavyotarajiwa kwa umri na urefu wake.

Saa sita damu inazungushwa kwenye mashine, majimaji yake yanatenganishwa na kuwekwa kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Ni kazi ya haraka, lakini ina uzito kwangu. Mwaka 2011 watafiti walitambua badiliko moja karibu na jeni la MUC5B, linalohusika na ute wa njia ya hewa, kuwa linaongeza sana hatari ya makovu ya mapafu yasiyojulikana chanzo. Badiliko hilo ni la kawaida kwa watu wenye asili ya Ulaya na ni adimu kwa Waafrika. Kwa hiyo hatuwezi kuazima jibu la Ulaya na kulibandika kwa mzee wa Arua, ambaye kovu lake, isitoshe, limetokana na maambukizi. Ni lazima tutafute katika damu ya watu wa hapa.

Saa nane ninarudi kwenye seli, na hapa ndipo siku yangu hunoga. Protini iitwayo TGF-beta hukaa katikati ya nyuzi za pafu ikiwa imefungwa, kama mbwa aliyefungwa mnyororo. Ikifunguliwa, hujishikiza kwenye faibroblasti na kuwasha ndani yake protini za SMAD, ambazo huingia kwenye kiini na kuamrisha kolajeni zaidi itengenezwe. Seli hubadilika kuwa maiofibroblasti, yenye nguvu ya kujikunja kama msuli, na mvuto wake kupitia integrini, yaani protini zinazoishikiza seli kwenye nyuzi zinazoizunguka, waweza kuifungua TGF-beta nyingine. Kadiri kovu linavyokuwa gumu, ndivyo mvuto huo unavyofaulu zaidi. Kovu linazaa kovu, hata pale bakteria aliyeanzisha yote ameshatoweka.

Ndiyo maana ninazikuza seli juu ya jeli badala ya plastiki tupu, kwa kuwa plastiki ni ngumu kupita kiasi na huziamsha seli hata bila TGF-beta. Jeli moja ina ugumu wa takriban kilopaskali 2, karibu na ule wa pafu lenye afya. Nyingine takriban 16, karibu na pafu lenye makovu. Leo ninaondoa TGF-beta niliyokuwa nimeziwekea seli kwenye visahani vyote ili nione kama seli za jeli laini zitatulia mapema kuliko zile za jeli ngumu.

Saa kumi mwanafunzi wangu ananiuliza kwa nini tusijaribu tu pirfenidone na nintedanib, dawa zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2014. Swali lake ni la haki. Dawa hizo hupunguza kasi ya makovu yasiyojulikana chanzo, haziyaondoi, na majaribio yaliyoziidhinisha hayakuwa ya makovu ya kifua kikuu. Tukakubaliana aziongeze kwenye seli za jeli ngumu, kila moja na kisahani chake kisicho na dawa cha kulinganishia.

Kabla ya saa kumi na mbili jioni tumeandika mpango huo daftarini. Kesho atapaka seli kingamwili za kuonyesha aktini ya msuli, protini inayotambulisha maiofibroblasti, nami nitapima kolajeni.