Siti zipo, ila basi limejaa: nilivyokosa lamda ya Mwanza

Leo niwape stori ya kazini, watu wa faiba (zile nyaya za kioo zinazobeba data kwa mwanga) mtaielewa haraka, wengine vumilieni kidogo nitawapandisha basi.

Kuna mteja alitaka 100G (gigabiti 100 kwa sekunde) kutoka Dar mpaka Mwanza, lamda yake peke yake, yaani rangi yake ya mwanga ndani ya faiba. Nikafungua faili letu la Excel nikacheki vipande: Dar–Morogoro, Morogoro–Dodoma, Dodoma–Singida, Singida–Shinyanga, Shinyanga–Mwanza. Mfumo wetu una chaneli 40, kila chaneli ni nafasi ya lamda moja, namba 21 mpaka 60, na hakuna kipande kilichokuwa na chaneli wazi chini ya 9. Nikamjibu jamaa wa mauzo nafasi zipo kibao, asaini tu. Jamani.

Jioni nikakaa sasa kuichagua hiyo chaneli yenyewe. 24 iko wazi mpaka Dodoma, mbele ina mtu. 31 iko wazi kuanzia Singida, huku nyuma imejaa. Nikazipitia zote 40, hakuna hata moja iliyo wazi mwanzo mwisho.

Basi ndo hili hapa: abiria anataka kwenda Mwanza na kasema kabisa akishakaa hahami siti. Konda anaona siti 5 haina mtu Dar hadi Moro, ila Moro pale kuna mtu kashaikatia, siti 12 inaachwa wazi Moro lakini ikifika Dodoma inakaliwa, 30 ndo inaanzia Dodoma. Yaani safari nzima hakuna dakika basi limejaa, na bado huyo abiria huwezi kumpakia.

Mwanga ni abiria wa hivyo hivyo. Ukitoka Dar na rangi fulani utafika Mwanza na rangi hiyo hiyo, nodi (vituo) za katikati zinaugeuza tu njia bila kugusa rangi. (Naita rangi kwa mazoea tu, tuko nanomita 1530 mpaka 1561 ambako jicho halioni kitu, na usije ukachungulia faiba kuhakikisha.) Kati ya chaneli na chaneli ni gigahezi 100, kama nanomita 0.8 hivi. Ukitaka kubadili rangi njiani inabidi Dodoma uushushe mwanga uwe umeme halafu uurushe upya na leza nyingine, maana yake transponda (mashine za kugeuza umeme kuwa mwanga na mwanga kuwa umeme) mbili zaidi, na bosi bei yake anaijua kuliko mimi.

Nikasema tuzungukie Arusha basi. Huko kweli 51 ilikuwa wazi yote, ila njia ni ndefu, amplifaya (mashine za kuupa mwanga nguvu njiani) zinaongezeka na kila amplifaya inaongeza kelele yake, 100G yetu ingefika Mwanza imechoka haisomeki. Na hata ingesomeka, ungekuwa umekula 51 kwenye vipande vingi zaidi kwa ajili ya mteja mmoja. Ndo maana njia na rangi huwezi kuzichagua kila moja kivyake. Mwaka 1992 Chlamtac, Ganz na Karmi walionyesha kwamba kugawa rangi hizi vizuri ni tatizo gumu la aina ile ambayo mtandao ukikua hakuna mtu anayejua njia ya haraka ya kupata jibu bora kila mara. Hiyo ilinifariji kwa dakika mbili hivi, kwa sababu kwa kweli kosa lilikuwa langu.

Miaka yote nilikuwa natawanya. Lamda fupi ya Dodoma–Singida ikija naiweka popote, katikati huko, nikiona zimekaa kwa nafasi roho inatulia. Kumbe inatakiwa uanze namba ya chini kabisa upande mpaka ukutane na iliyo wazi njia nzima, kila mtu hivyo hivyo, ili zile fupi zibanane huku chini na juu kubaki kweupe kwa ajili ya safari ndefu. Sio dawa ya kila kitu, ila kwa kitu rahisi hivyo inasaidia mno.

Iliyonikaribia zaidi ilikuwa 43. Wazi vipande vyote isipokuwa Dodoma–Singida, ambako kuna 10G ya zamani. Nikabonyeza kile kiseli nione nani kaiweka, nikakuta maoni yangu mwenyewe: "ya muda tu, nitaihamisha". Miaka mitatu iliyopita.

Tukaomba ruhusa ya wenyewe, saa nane usiku nikaihamisha kwenda 22, leza ya Dodoma, leza ya Singida, kisha unasubiri nguvu ya mwanga isawazishwe. Dakika nne mteja wa hiyo 10G yuko gizani na mimi nimekodolea skrini kama nasubiri matokeo ya fomu foo. Ikarudi. Asubuhi yake Mwanza ikapanda kwenye 43.

Juzi kijana mpya ofisini kaja mbio, bro 58 sasa iko wazi nchi nzima, hii ya Dar–Moro si tuiweke huko? Nikamuuliza, 23 umeangalia?