Nilivyohesabu Wanyama wa Sibiloi

Wengi wanaijua Sibiloi, hifadhi ya taifa ya kaskazini mwa Kenya, kwa mifupa ya kale iliyopatikana hapo Koobi Fora. Nyamera na choroa wanaoishi huko leo, mashariki mwa Ziwa Turkana, hawatajwi sana, na jambo hilo huniuma. Mimi nilikwenda kuwahesabu hao walio hai.

Kwa kawaida unafuata mistari iliyonyooka, na kila ukimwona mnyama unapima umbali wake kutoka mstarini. Umbali huo ndio unaosaidia kukadiria wale ambao hukuwaona. Tatizo ni kwamba ili makadirio yaaminike, inafaa aina moja ionekane kama mara 60 hadi 80. Sibiloi utatembea asubuhi nzima ukutane na digidigi tu. Basi mistari nikaiachia digidigi na swala granti. Waliobaki nikawafuata kwa nyayo, kinyesi na kamera zinazopiga picha zenyewe mnyama akipita.

Kamera hizo zinahitaji kueleweka. Hushtuliwa na tofauti ya joto kati ya mwili unaopita na mazingira. Adhuhuri ya Turkana, ardhi ikikaribia joto la mwili, choroa anaweza kupita mbele ya kamera nayo isipige. Na upepo wa kule! Ukitikisa nyasi zilizochomwa na jua, kadi yote hujaa picha za nyasi. Kwa hiyo nilifyeka nyasi za mbele, nikazielekeza kamera kaskazini au kusini zisitazamane na jua, na kuzifunga kwenye mashina yasiyoyumba.

Pa kuzifunga nilielekezwa na wafugaji.

“Mzee, punda milia wanakunywa wapi siku hizi?”

“Palepale tunaponywesha sisi, lakini usiku, ngamia wetu wakishaondoka.”

Na kweli, nyayo zilikuwepo. Hawa ni punda milia wa Grevy, ambao sensa ya taifa ya wanyamapori ya 2021 iliwakadiria kuwa 2,649 tu Kenya nzima, kwa hiyo kila mmoja ana uzito. Ili kumtambua kila mmoja kwa milia yake, nilitumia picha za ubavu wa kulia pekee, maana milia ya kulia na ya kushoto hailingani, na mnyama mmoja angehesabiwa mara mbili. Tena jike anayenyonyesha hurudi majini mara nyingi kuliko wengine, hivyo sikukadiria uwiano wa majike na madume kwa picha za kisimani peke yake.

Kwa spishi ambazo hazikutokea niliandika “haikuonekana”, si “haipo”, na kando yake saa ambazo kila kamera ilifanya kazi pamoja na joto la wakati huo, ili atakayehesabu baada yangu aweze kulinganisha.